Pombe ya Ngano na Kimpumu cha Bibi



Wiki chache baada ya Pasaka alitujia kijana mmoja wa hapa Kisiba anayefanya kazi Mbeya mjini, akiwa amebeba chupa nne zilizofungwa kwa gazeti. Mgeni fulani alikuwa amemwonjesha bia nyeupe ya Ubelgiji, bia ya ngano yenye harufu ya machungwa, naye akashikwa na hamu ya kuipika mwenyewe nyumbani kwa mama yake. Alinunua ngano iliyotoka Uporoto, akatia punje za giligilani zilizopondwa na maganda makavu ya machungwa. Kimea cha shayiri hakukipata, akatumia kimea cha ulezi. Chupa zilikuwa saba, lakini tatu zilipasuka usiku chini ya kitanda cha mama, aliyeamka akipiga yowe la wezi.

Kijana alitaka kujua kama ni dhambi. Tulimjibu kwamba dhambi pekee tuliyoiona ni kuongeza sukari bila kupima, tukamwita bibi mmoja mzee, jirani wa kanisa, aje aionje. Alikunywa kidogo, akakaa kimya, kisha akasema, "Baba Padre, hiki ni kimpumu kilichokosa adabu."

Tulicheka sana siku ile. Hata hivyo maneno ya bibi yalitufanya tutafute historia ya hiyo bia nyeupe, nasi tukakuta kwamba yanafaa kuliko alivyodhani.

Hoegaarden ni mji mdogo wa Ubelgiji, si mbali na Leuven ambako baadhi ya mapadre wetu wamesoma. Kwa karne nyingi watu wa huko walipika bia ya ngano mbichi iliyochanganywa na kimea cha shayiri, wakaikoleza kwa giligilani na maganda ya machungwa machungu. Ilikuwa bia ya wakulima, yenye ukungu kama maji ya mchele. Kisha zikaja bia za viwanda vikubwa, angavu na za rangi ya dhahabu, na vijana wakaona aibu kunywa kinywaji cha babu zao. Kiwanda cha mwisho, cha ukoo wa Tomsin, kilifungwa mwaka 1957. Ngano iliendelea kulimwa na giligilani ziliendelea kuuzwa sokoni, lakini bia yenyewe haikuwapo tena.

Palikuwapo hata hivyo muuza maziwa, Pierre Celis, ambaye katika ujana wake alikuwa akisaidia kazi katika kiwanda kile cha Tomsin. Hakuwa msomi wa kemia. Alikumbuka tu yale aliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono. Katikati ya miaka ya 1960 alianza kuipika upya, na bia iliyokwisha kuzikwa ikafufuka. Mwaka 1985 moto uliteketeza kiwanda chake, akalazimika kupokea fedha za kampuni kubwa, na baada ya miaka michache kiwanda chote kikawa mali ya kampuni hiyo. Mzee Celis alihamia Austin, Texas, akaanza tena huko mwaka 1992. Alifariki mwaka 2011. Mwaka 2005 wenye mali walitangaza kwamba bia hiyo itahamishiwa kiwanda kingine mbali na mji wake. Watu wa Hoegaarden walilalamika sana, na mwaka 2007 uamuzi ukabatilishwa.

Sasa turudi nyumbani. Tukikiweka kando kikolezo, tofauti kati ya kazi ya muuza maziwa yule na kazi ya bibi yetu ni ndogo. Ulezi, ambao Wanyakyusa huuita amalesi, hulowekwa, hufunikwa hadi uote, huanikwa juani, husagwa. Hicho ndicho kimea, nacho kina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari. Nguvu hiyo hufanya kazi uji ukiwa na moto wa kadiri, maana ukichemka mno kimea hufa, na ukipoa mno hulala. Mpishi wa Ulaya hutumia kipimajoto na kutafuta nyuzi kama 65. Bibi huchovya kidole, huhesabu kimoyomoyo, na hakosei. Kisha chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Kimpumu huachwa kizito pamoja na machicha yake. Wanywaji humimina maji ya moto, huketi kukizunguka chombo kimoja, na kila mmoja huvuta kwa mrija wake.

Kuketi huko kulikuwa jambo kubwa. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson, walioishi kati ya Wanyakyusa kati ya miaka ya 1934 na 1938, walishangazwa na vijiji vya rika, ambamo wanaume wa umri mmoja walijenga pamoja, wakala pamoja na kunywa pamoja. Neno walilolisikia mara kwa mara ni ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako. Kulima shamba la jirani, kuoza binti, kuzika mzee, yote yalihitaji pombe, na pombe ilihitaji mwanamke aliyejua kuota kimea. Inafaa tuseme wazi kwamba wanaume walifurahia ukwangala, na wanawake walibeba kuni na maji.

Dini ya Kikristo ilipofika, suala la pombe halikukwepeka. Wamoravia na wamisionari wa Berlin walifika nchi hii mwaka 1891. Misioni yetu ya Tukuyu, iliyokuja kuwa jimbo na hatimaye, mwaka 2018, Jimbo Kuu la Mbeya, iliundwa mwaka 1932, miaka arobaini na mmoja baadaye. Katika jumuiya nyingi za ndugu zetu Waprotestanti mwamini alitazamiwa kuiacha pombe kabisa. Kanisa Katoliki lilikemea ulevi, si kinywaji. Mtakatifu Benedikto aliwawekea wamonaki wake kipimo cha divai cha kila siku, na katika Rituale Romanum imo baraka ya bia. Twakiri kwamba wako waamini waliosikia nusu ya mafundisho hayo, ile nusu iliyowapendeza.

Nasi tulikosea kwa upande wa pili. Katika mwaka wetu wa kwanza hapa tulihubiri kwa ukali dhidi ya wapika pombe, tukitazama upande waliokoketi akina mama. Mjane mmoja aliacha kupokea Komunyo. Miezi ikapita, kisha akaja ofisini na bahasha ya stakabadhi za ada za watoto watatu, akaziweka mezani moja moja. Hakusema neno la kutulaumu. Tulimwomba radhi, na tangu siku hiyo tukikemea twawakemea wanaokunywa ada za watoto wao, ambao mara nyingi si wale wanaopika.

Serikali nazo zilikuwa na macho yao. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulikusudia kuwazuia Waafrika wa sehemu kubwa ya bara wasipate pombe kali za Kizungu. Baada ya Uhuru, sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka leseni na saa za kuuza hata pombe za kienyeji. Wakati huohuo chupa ilikuwa ikipanda cheo. Tanganyika Breweries ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1933. Ilipata kuwa mali ya umma, ikapata mbia wa Afrika Kusini mwaka 1993, na mwaka 2009 ikafungua kiwanda Mbeya. Mtu anayejiheshimu sasa hupokea mgeni kwa kreti. Kimpumu kikaachiwa kilabuni na wazee.

Hapa pana jambo lililotushangaza. Kampuni iliyomiliki bia ya Hoegaarden ilikua, ikaungana na nyingine, ikawa AB InBev. Mwaka 2016 AB InBev ilimnunua SABMiller, mwenye hisa nyingi katika kampuni yetu ya bia. Hivyo chupa aliyoonjeshwa kijana wetu na chupa inayouzwa dukani Tukuyu zikawa za baba mmoja. Kimpumu hakina baba huyo. Kina akina bibi wachache, na tulipowahesabu wale wa vijiji vinavyotuzunguka wanaojua kuota kimea bila kukiharibu, hatukumaliza vidole vya mikono miwili. Binti zao hununua unga wa kimea sokoni, wengine hawapiki kabisa.

Tulimwuliza kijana kama aliwahi kumwona bibi yake akipika. Alisema alikuwa akitumwa kuteka maji, halafu akakimbilia mpira. Celis naye alikuwa kijana wa kutumwatumwa, ila yeye alibaki akitazama.

Bibi wa jirani amekubali kumfundisha, kwa masharti. Ulezi uwe wa mwaka huu, si wa ghala. Kuni alete mwenyewe. Mirija kila mtu aje na wake, jambo ambalo bwana afya amelisema miaka mingi, na bibi analitii kuliko wanaume wote wa kilabuni. Na chupa asije nazo. Wataloweka Alhamisi jioni. Kijana ameomba siku mbili za ruhusa kazini, naye mama yake ameuliza kama kimpumu nacho hupasuka usiku.