Masizi na Mawaziri

Mwaka 1948 BBC iliwaandalia watayarishaji wake wa vichekesho mwongozo uliokuja kuitwa Kitabu cha Kijani. Ulikataza mizaha kuhusu vyoo, nguo za ndani za wanawake, maharusi walio fungate, hata tabia za sungura. Viongozi wakuu wa siasa hawakuruhusiwa kuigizwa. Orodha hiyo inachekesha kuliko mizaha iliyoizuia. Lakini kuna mstari mmoja ambao sikuweza kuucheka: neno la kuwatukana watu weusi lilipigwa marufuku, isipokuwa pale lilipokuwa sehemu ya jina la waigizaji waliojipaka masizi usoni.

Huo msamaha mdogo ndio ulionifanya niitazame upya hadithi tuliyoizoea kuhusu BBC na vichekesho.

Hadithi yenyewe ni hii. Novemba 1962, chini ya Mkurugenzi Mkuu Hugh Carleton Greene, BBC ilianza kurusha kipindi cha That Was the Week That Was usiku wa Jumamosi. David Frost na wenzake waliwakejeli mawaziri kwa majina yao, na Januari 1963 wakazilinganisha dini kama bidhaa dukani. Greene alikuwa mwandishi wa habari Berlin miaka ya 1930 na alizipenda kumbi za kejeli za mji ule. Hakuona kwa nini serikali iogopwe. Malalamiko yakamiminika. Waziri Mkuu Harold Macmillan, aliyekuwa akichekwa pia, alimzuia waziri wake asiingilie kati. Hata hivyo, mwisho wa 1963 kipindi kilifungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba 1964 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na shirika la umma halipaswi kuonekana linaegemea upande.

Kwa kawaida hadithi huishia hapo, nasi tunabaki kubishana kama Greene alisalimu amri.

Mimi naitazama Jumamosi ileile saa chache kabla. Tangu 1958 BBC ilikuwa na The Black and White Minstrel Show, wanaume wa Kizungu waliojipaka weusi wakiimba na kucheza. Mwaka 1961 kilishinda tuzo kubwa ya televisheni huko Montreux. Mwaka 1967 ombi rasmi la kukiondoa lilipelekwa BBC na wanaharakati waliopinga ubaguzi wa rangi. Kikaendelea hadi 1978. Miaka 20 ya masizi. Kejeli kwa mawaziri, mwaka mmoja na kidogo.

Sidhani waliokiacha hewani wote walikuwa wabaya. Walikuwa na kipimo, na kipimo chao kilikuwa vyama: je, Conservative na Labour wametendewa sawa? Mtu mweusi aliyehamia London kutoka Kingston hakuwa chama. Kwa hiyo kumdhihaki hakukuhesabiwa kuwa kuegemea upande. Kuliitwa burudani ya familia.

Kwetu kipimo kilikuwa kingine, ila swali ni lilelile. Mwaka 1964 serikali ya Kenya ilitaifisha shirika la utangazaji lililoundwa kwa mfano wa BBC, likawa Sauti ya Kenya chini ya wizara. Vichekesho havikukoma. Katika Vioja Mahakamani tulicheka wazi: washtakiwa ni watu wa kawaida wenye visa vya mtaani. Rais hakupandishwa kizimbani. Wakenya waliposikia sauti ya Moi ikiigizwa na kundi la Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990, haikuwa kwenye televisheni ya umma, bali kwenye kituo binafsi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mchekeshaji wa shirika la umma akae kimya kabisa ili asiudhi, wala na wanaosema kila tusi ni uhuru. Anayelipa leseni au kodi ana haki ya kuuliza jambo moja: katika mwaka mzima, nani amechekwa, na nani amelindwa? Mwenye ofisi akiudhika, ana simu na wanasheria. Aliyeigizwa kwa masizi alikuwa na ombi lake tu, na alisubiri miaka 11 kujibiwa.