Sema Shibolethi

Kuna neno la Kiingereza ambalo hutalisikia kwa matatu wala kwa kinyozi: shibboleth. Ukikutana nalo, basi ni kwenye gazeti la wasomi au kwa mwanasiasa anayetaka tujue amesoma. Kamusi hulipa maana mbili. Ya kwanza ni neno, matamshi au desturi inayotenga watu wetu na wale wengine. Ya pili ni msemo uliochakaa ambao kundi fulani hukariri kwa mazoea, ilhali uzito wake uliisha kitambo. Mwingereza akiita sera ya chama fulani shibboleth, anamaanisha ni wimbo wa zamani unaochezwa bado ili wafuasi wajue wako nyumbani.

Lakini neno si la Waingereza. Walilikopa, na kule walikolikopa lilikuwa limeshaua watu.

Hadithi iko kwenye kitabu cha Waamuzi, sura ya 12. Yeftha wa Gileadi alikuwa ametoka kuwapiga Waamoni. Waefraimu wakamjia na hasira: mbona ulienda vitani bila kutuita? Wakatishia kumchomea nyumba yeye akiwa ndani. Kumbuka hawa wote ni Waisraeli, wana wa babu mmoja. Vita vikazuka, Waefraimu wakashindwa, wakaanza kukimbilia kwao ng'ambo ya mto Yordani. Wagileadi walikuwa washafika vivukoni kabla yao. Kila aliyeomba kuvuka aliulizwa: wewe ni Mwefraimu? Akikana, aliambiwa atamke neno moja tu. Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kutoa ile "sh". Mtu akisema sibolethi, anakamatwa na kuuawa papo hapo. Biblia inahesabu wafu 42,000.

Neno lenyewe halikuwa na siri yoyote. Kwa Kiebrania ni suke la nafaka, ingawa wengine hulisoma kama mkondo wa maji. Na hapa Kiswahili kina utani wake wa ajabu, kwa sababu kamusi zetu zina suke na pia shuke, na zote ni kitu kimoja. Sisi tunatumia lolote na ugali unapikwa. Pale mtoni, shuke lingekuvusha na suke lingekuzika.

Watafsiri wa Biblia ya King James ya mwaka 1611 waliliacha neno kama lilivyo. Wangefanyaje? Ukiandika "suke" kwa Kiingereza, mtihani unaharibika, kwa maana mtihani haukuwa kwenye maana bali kwenye sauti. Ndivyo neno la Kiebrania lilivyoingia Kiingereza bila maana yake ya asili, likabaki na kazi yake tu. Leo kuna hata programu ya kompyuta inayoitwa Shibboleth. Vyuo vikuu vingi duniani huitumia kukagua kama wewe ni mwanafunzi wao kabla ya kukufungulia maktaba ya mtandaoni. Ukiwa wa ndani unapita. Ukiwa umeacha chuo, kama mimi, unabaki ng'ambo ya mto, ila angalau hakuna anayekushikia panga.

Mtihani wa Yordani umerudi mara nyingi. Mwaka 1282, watu wa Sicily waliwainukia watawala wao Wafaransa mjini Palermo, na inasimuliwa kwamba washukiwa walilazimishwa kutamka "ciciri", jina la mbegu fulani za jamii ya kunde ambalo ulimi wa Kifaransa ulishindwa nalo. Oktoba 1937, dikteta Rafael Trujillo wa Jamhuri ya Dominika aliamuru Wahaiti walioishi upande wake wa mpaka wauawe. Maelfu walikufa, wengi kwa mapanga. Inasemekana askari waliinua kijiti cha parsley, yale majani yanayofanana na dania, wakauliza: hii inaitwaje? Kwa Kihispania ni "perejil", na ile "r" iliwasumbua waliokulia Kikrioli. Wanahistoria hubishana mtihani huo ulitumika mara ngapi hasa, maana wengi pale mpakani walizungumza lugha zote mbili.

Angalia hayo maneno. Suke, kunde, majani ya mboga. Ni vitu vya jikoni, maneno ambayo mtu hufundishwa na mamake kabla hajajua kwamba kuna makabila.

Sisi Wakenya tuna jina letu la jambo hili, na tunalicheka: kushrabu. Mkikuyu akichanganya "r" na "l", darasa linaanguka kicheko. Mjaluo akisema "samba" akimaanisha shamba, mchekeshaji ameshapata mshahara wa wiki. Yaani huyo ni Mwefraimu kabisa, kosa lile lile, "s" badala ya "sh", kwa sababu ile ile: lugha ya kwanza ya kinywa chake haina hiyo sauti. Mimi pia hucheka. Kicheko chenyewe si dhambi. Lakini sikio linalocheka ni lile lile linalojua kupanga watu, na halihitaji mafunzo mapya siku ya vita.

Siku hiyo ilifika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zilifungwa kwa mawe na magogo, na abiria wakatakiwa kuonyesha vitambulisho. Jina la mwisho, sura, lafudhi: chochote kilichokuweka upande mmoja kilitosha. Tume ya Waki ilihesabu waliouawa kuwa 1,133.

Novemba 2014, magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga walioshindwa kukariri maneno ya Kurani, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakajaribu tena karibu na El Wak, kwenye basi lingine. Safari hii Waislamu, ambao wangefaulu mtihani bila jasho, walikataa kutenganishwa na wenzao. Wanawake waliwapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari 2016.

Katika Waamuzi hakuna Mgileadi hata mmoja aliyesimama kivukoni akasema, huyu ni ndugu yangu, mwacheni apite hata kama ni sibolethi. Mtihani huu hauwezi kuvunjwa na anayeshindwa kutamka, kwa sababu yeye ulimi wake umeshamtaja. Unavunjwa na yule anayeweza kutamka vizuri, akaamua kunyamaza na kubaki upande wa wasioweza. Uchaguzi mwingine ukikaribia, nadhani swali letu si nani anashrabu. Ni nani, akijua kabisa kusema shibolethi, atakataa kulisema.