Chaneli za redio ya upepo (safari za Uluguru)

Ni chaneli ambazo madereva wa msafara huafikiana kuzitumia kuwasiliana wanapopanda njia mbovu, kama ile ya Sangasanga kwenda Mgeta. Redio za upepo za aina ya CB zina chaneli 40, kati ya megahezi 26.965 na 27.405, na nchini Marekani chaneli ya 9 ni ya dharura. Katika milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, adui ni mabonde: gari likizunguka kona, ukingo wa mlima hukata sauti. Kubadili chaneli hakusaidii hapo. Gari la katikati lipokee ujumbe na kuupeleka nyuma. Chaneli ya akiba itajwe kabla ya kuondoka. Masafa ya redio nchini Tanzania husimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano iliyoundwa kwa sheria ya 2003.