Injini za michezo ya kompyuta: kwa nini studio zinapima upya chaguo lao

Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity, yenye makao makuu mjini San Francisco, Marekani, ilitangaza kwamba kuanzia Januari mosi 2024 itatoza ada kila mchezo uliotengenezwa kwa programu yake utakaposakinishwa katika simu au kompyuta ya mchezaji. Siku kumi baadaye kampuni hiyo iliomba radhi na kulegeza masharti. Mwaka mmoja baadaye ada yenyewe ilifutwa kabisa. Hata hivyo, tangazo hilo lilibadilisha namna studio nyingi duniani zinavyochagua chombo chao cha kazi.

Injini ya mchezo ni nini?

Injini ni programu inayobeba kazi ambazo takriban kila mchezo huzihitaji: kuchora picha kwenye kioo, kukokotoa namna vitu vinavyoanguka na kugongana, kutoa sauti, kupokea mguso wa kidole, na kuuandaa mchezo mmoja ili uweze kuchezwa katika vifaa vya aina mbalimbali. Bila injini iliyo tayari, studio ndogo ingelazimika kutumia miaka kadhaa kujenga msingi kabla ya kufikia mchezo wenyewe.

Unity ilianzia Copenhagen, Denmark, mwaka 2004, ilipoanzishwa na David Helgason, Nicholas Francis na Joachim Ante. Mchezo wao wa kwanza, GooBall, haukupata wanunuzi wengi, lakini zana walizojiundia kwa ajili ya kuutengeneza zilionekana kuwa na thamani kuliko mchezo wenyewe, nao wakaanza kuziuza mwaka 2005. Michezo maarufu kama Pokémon Go, Among Us na Cult of the Lamb ilitengenezwa kwa Unity.

Sababu mojawapo ya kuenea huko ilikuwa bei. Wanafunzi na watengenezaji wenye kipato kidogo walitumia toleo la bure, na studio kubwa zililipia leseni kwa kila mfanyakazi aliyeitumia. Unity haikudai sehemu ya mapato ya mchezo, na jambo hilo ililitangaza waziwazi kama fadhila yake.

Ada iliyozusha ghadhabu

Mpango wa 2023 ulihusu michezo iliyovuka viwango viwili kwa pamoja. Kwa leseni za ngazi ya chini, mchezo ulipaswa kuwa umeingiza dola 200,000 katika miezi 12 iliyopita na kusakinishwa mara 200,000 tangu ulipotolewa. Baada ya hapo, kila usakinishaji mpya ungetozwa senti 20 za dola katika nchi tajiri zilizoorodheshwa, na senti 2 katika nchi nyingine zote, zikiwemo za Afrika Mashariki. Wenye leseni za juu walipewa viwango vya nafuu zaidi.

Kwa mchezo unaouzwa dola 20, kiasi hicho kingeweza kuonekana kidogo. Tatizo lilikuwa kwa michezo ya simu inayotolewa bure, ambayo hutegemea matangazo na wachezaji wachache wanaonunua vitu ndani ya mchezo. Kwa kiwango cha senti 20, usakinishaji milioni moja katika nchi tajiri ungegharimu dola 200,000, hata kama wengi wa waliousakinisha hawakulipa chochote. Hivyo mchezo ungeweza kupendwa na watu wengi na bado ukamtia hasara aliyeutengeneza.

Maswali mengine yalifuata. Je, mtu anayefuta mchezo ili kupata nafasi kwenye simu yake, kisha akausakinisha tena, angehesabiwa mara mbili? Mwanzoni jibu lilikuwa ndiyo, kisha kampuni ikasema ada itatozwa kwa usakinishaji wa kwanza tu katika kila kifaa. Watengenezaji waliuliza pia ni nani angehesabu, na angezuiaje nakala za wizi zisiingizwe katika hesabu.

Kiini cha malalamiko

Lililowaudhi watengenezaji zaidi ya kiasi cha fedha ni kwamba masharti mapya yangegusa pia michezo iliyokwisha kutolewa. Mwaka 2019, baada ya mzozo kati yake na kampuni ya Uingereza ya Improbable, Unity ilikuwa imewahakikishia watumiaji wake kwamba anayebaki na toleo fulani la injini ataweza kubaki na masharti ya toleo hilo. Studio zilikuwa zimepanga bajeti, zimeajiri watu na kusaini mikataba zikiitegemea ahadi hiyo.

Mega Crit, studio ya Marekani iliyotengeneza Slay the Spire, ilieleza kwamba ingeuhamisha mchezo wake mpya kwenda injini nyingine iwapo mpango huo haungeondolewa, ingawa ilikuwa imekwisha kuufanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Re-Logic, watengenezaji wa Terraria, walitoa dola 100,000 kwa kila mmoja wa miradi miwili ya programu huria, Godot na FNA, pamoja na dola 1,000 kila mwezi kwa kila mradi.

Tarehe 22 Septemba 2023, Unity iliwaondolea ada hiyo watumiaji wa toleo la bure, ikasema kwamba ingehusu tu michezo itakayotengenezwa kwa matoleo ya injini ya 2024 na kuendelea, na ikaweka kikomo cha asilimia 2.5 ya mapato. Oktoba 9, mkurugenzi mtendaji John Riccitiello aliondoka. Tarehe 12 Septemba 2024, chini ya uongozi wa Matthew Bromberg, ada ilifutwa na utaratibu wa leseni kwa kila mfanyakazi ukarejea, ila kwa bei ya juu zaidi: leseni ya Pro ilipandishwa kwa asilimia 8 na ya Enterprise kwa asilimia 25 kuanzia Januari 2025.

Njia nyingine zilizopo

Mpinzani mkubwa wa Unity ni Unreal Engine ya kampuni ya Epic Games ya Marekani. Kwa kawaida, Unreal hudai asilimia 5 ya mapato ya mchezo yanayozidi dola milioni moja. Mchezo uliopata dola 1,200,000 hulipiwa asilimia 5 ya zile 200,000 za ziada, yaani dola 10,000. Hesabu hiyo hufuata mapato, kwa hiyo asiyeuza hadaiwi.

Godot ilianzia Argentina kwa kazi ya Juan Linietsky na Ariel Manzur, na mwaka 2014 ilitolewa kuwa programu huria chini ya leseni ya MIT. Haina ada, na anayeichukua anaweza kuibadilisha apendavyo. Mega Crit iliichagua kwa ajili ya Slay the Spire 2. Hata hivyo, Godot ina mipaka yake. Kampuni zinazounda mashine za kuchezea michezo, kama Sony na Nintendo, hulinda zana zao kwa mikataba ya siri, na zana hizo haziwezi kuwekwa ndani ya programu iliyo wazi kwa wote. Studio inayotaka kufika huko mara nyingi hulazimika kulipia huduma ya kampuni nyingine.

Kuhama nako kuna gharama. Picha na sauti huweza kubebwa, lakini sehemu kubwa ya msimbo huandikwa upya, na wafanyakazi hujifunza zana mpya huku mishahara ikiendelea kulipwa. Ndiyo maana studio nyingi zilimaliza kwa Unity michezo zilizokuwa zimeianza, na zikaahirisha uamuzi hadi mradi unaofuata.

Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Leo studio inayochagua injini husoma kwanza kifungu kinachoeleza ni nani anaweza kubadilisha masharti, na kama mabadiliko hayo yanaweza kuigusa kazi iliyokwisha kufanywa. Bei huja baada ya hapo.