Wino Mweusi wa Uzaramo: Kuchuja, Kufutika na Kufifia

Katika nchi ya Uzaramo, ambamo leo zimo wilaya za Kibaha na Kisarawe, wino ulifika kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chuo cha Kurani. Ya pili, tangu miaka ya 1890, ilikuwa shule ya misheni na ofisi ya serikali ya Wajerumani. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba swali la mchoraji, yaani kama wino mweusi huchuja upakwapo rangi ya maji juu yake, ni swali la mwanahistoria pia.

Wino wa zamani wa waandishi wa hati za Kiarabu ulifanywa kwa masizi na gundi ya mti. Masizi ni kaa tupu, wala jua haliyafifishi. Bali gundi huyeyuka majini, na brashi yenye maji ikipita juu yake, weusi huinuka. Jambo hili si kasoro. Mwanafunzi wa chuo aliandika ubaoni, akahifadhi, kisha akaosha ubao apate kuandika tena. Na mwenye kuandika kombe kwa zafarani alitaka hasa maandishi yayeyuke, mgonjwa apate kuyanywa.

Wino wa ofisi ulikuwa wa namna nyingine. Ule wa chumvi ya chuma na tanini hushikamana na karatasi na kustahimili maji. Lakini ukizidi ukali huila karatasi, hata mistari ikatoboka. Kisha ziko wino za rangi za viwandani, zilizoenea baada ya William Perkin kugundua rangi ya anilini mwaka 1856: nyingi katika hizo huchuja zikiloa, na hufifia juani.

Basi lugha yetu imetupa vitenzi vitatu, wala haifai kuvichanganya. Wino wa masizi hufutika, lakini haufifii. Wino wa anilini huchuja, tena hufifia. Wino wa chuma hauchuji upesi, lakini hugeuka hudhurungi kwa uzee. Mwenye kusema tu kwamba wino fulani “ni mbaya” hajasema kitu.

Kwa hiyo mtu aliyerithi msahafu, utenzi au hati ya shamba asiipanguse kwa kitambaa kibichi, wala asitie rangi upya mapambo yake, kabla ya kujaribu. Na atie tone dogo la maji juu ya nukta moja iliyo pembeni, angoje kidogo, kisha akandamize karatasi nyeupe inyonyayo. Karatasi ikitoka na weusi, maji yasiguse tena ukurasa ule. Ikitoka safi, hiyo bado si ruhusa, kwani wino mmoja huweza kuanza kitabu na mwingine kukimaliza. Kila mkono na kila rangi vijaribiwe peke yake. Maneno yaliyodumu miaka mia huweza kuondoka kwa mpanguso mmoja wa mtu mwenye nia njema.