María Patiño: kipimo cha shavu kilimtoa mbioni

María José Martínez-Patiño alikuwa na miaka 24 alipofika Kobe, Japani, mwezi wa nane 1985, kukimbilia Uhispania mbio za kuruka viunzi. Cheti cha kuthibitisha kwamba ni mwanamke, alichopewa Helsinki mwaka 1983, alikisahau nyumbani. Wakampima tena kwa chembe zilizokwanguliwa ndani ya shavu, wakamwambia kuna tatizo. Akashauriwa ajifanye ameumia. Siku ya mbio alikaa jukwaani akitazama wenzake.

Jibu kamili lilikuja kwa barua baada ya miezi miwili: kromosomu zake ni X na Y, kama za mwanaume. Mwili wake hauitikii homoni za kiume hata kidogo. Mtu wa namna hii huzaliwa na kulelewa msichana, huota matiti, lakini hapati siku za mwezi wala hana kizazi. Ndani ya tumbo kuna korodani zilizojificha. Wengi hugundua wakati wa kubalehe, siku za mwezi zisipoanza.

Mwaka 1986 aliambiwa tena ajitoe kimya kimya kwenye mashindano ya taifa. Alikataa, akakimbia, akashinda mita 60 za kuruka viunzi. Habari ikavuja magazetini. Alipoteza masomo ya kulipiwa, makao, rekodi, na mchumba. Yote hayo kwa sababu ya cheti kilichobaki nyumbani!

Aliyemsaidia ni Albert de la Chapelle, mtaalamu wa Ufini, ambaye tangu zamani alipinga kipimo hicho: mwili usioitikia homoni ya kiume haupati nguvu yoyote kutoka kwake. Mwaka 1988 Patiño aliruhusiwa kurudi mbioni. Nafasi ya Barcelona 1992 ilimponyoka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kamati ya Olimpiki iliacha kupima wanawake wote mwaka 1999.

Hospitalini pia mambo yalibadilika. Zamani madaktari wengi walimficha mgonjwa ukweli. Mwaka 2006 wataalamu waliokutana Chicago walitoa mwongozo: aelezwe yote, kwa siri, na asaidiwe pia na mshauri wa kisaikolojia. Korodani za ndani zinaweza kuleta saratani, kwa hiyo mtu mzima huamua na daktari wake kama zitolewe au zifuatiliwe. Zikitolewa, hutumia homoni ya estrojeni ili mifupa isidhoofike.

Patiño alikuja kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Mwaka 2005 aliandika habari yake mwenyewe, kwa jina lake, katika jarida la madaktari la Uingereza, The Lancet.