Vihatarishi vya kibiolojia: Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa

Vihatarishi vya kibiolojia ni viumbe hai, au sumu zitokanazo na viumbe hao, vinavyoweza kudhuru watu, mifugo au mimea. Bakteria, virusi, fangasi na vimelea wote wamo. Maabara huwapanga vijidudu katika makundi 4 ya hatari yanayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Kundi la 1 halimdhuru mtu mwenye afya njema. La 2 huuguza, lakini kinga au tiba ipo. La 3 huleta ugonjwa mkali ambao kwa kawaida hauenei kirahisi kati ya watu. La 4 ni kali na la kuambukiza, tena tiba yake ni haba au haipo: ndiko viliko virusi vya Marburg vilivyozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025.

Makundi hayo yanamlinda mtaalamu aliyeshika chupa ya sampuli. Mkulima wa mpunga yanamfaa kidogo tu, kwa sababu hatari yake inategemea pia maji, mbu, choo na zizi. WHO yenyewe, katika toleo la 4 la mwongozo wake wa usalama wa maabara (2020), inasisitiza kupima hatari ya kila kazi badala ya kutegemea namba ya kundi.

Kyela, wilaya ya Mkoa wa Mbeya, ni tambarare yenye joto iliyo mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwagikia Ziwa Nyasa hapo, na mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Masika maji hutuama mashambani, na mito ikifurika huingia hadi majumbani.

Homa ya Bonde la Ufa ni ya kundi la 3. Virusi vyake huenezwa na mbu, na mayai ya baadhi ya mbu wa Aedes hubaki na virusi udongoni hadi mafuriko yayaangue. Mlipuko wa mwaka 2007 uliua watu 109 nchini Tanzania, kati ya wagonjwa 264 waliorekodiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya watu wazima zaidi ya 1,200 wa Mkoa wa Mbeya: takriban asilimia 5 walikuwa na kingamwili za virusi hivyo, lakini kando ya ziwa, Kyela, kiwango kilikaribia asilimia 30. Virusi hivyo, basi, vilikuwa vikizunguka huko bila kelele, na huenda wengi walidhani wana malaria. Anayemzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, akashika kondo la nyuma au ndama aliyetupwa, yumo hatarini zaidi kuliko jirani yake asiyefuga. Maambukizi ya mtu kwa mtu hayajathibitishwa.

Kipindupindu kiko kundi la 2 tu, lakini kijijini ndicho kinachotisha. Choo cha shimo kikifurika na kisima kiko hatua chache, mgonjwa mmoja anatosha kuanzisha mlipuko, na mtu huweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Wavuvi na wachuuzi huvuka kila siku kati ya Kyela na Karonga, Malawi, na bakteria hao huvuka nao. Tiba ni rahisi mno: maji yenye chumvi na sukari yakiwahi.

Matende na mabusha huja polepole. Minyoo ya filaria huingizwa na mbu, na vimelea wake wachanga huonekana kwenye damu usiku, saa wanapouma mbu hao. Kingatiba ya kila mwaka ilianza Kyela mwaka 2009. Utafiti uliofuatilia zaidi ya wakazi 1,000 wa Kyela, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016, uligundua kuwa wenye minyoo hiyo walipata VVU kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasio nayo.